Kare Isiyosawazishwa Haiungwi

Siku mliponiaga mlinipa blanketi. Lilitoka dukani, ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, nalo lina picha ya simba. Mimi niliyemaliza maisha yangu yote kushona mablanketi ya vipande, nilipewa simba wa kiwandani. Nilishukuru, nikala keki, nikaenda nyumbani. Sasa nimekaa kuwaandikia yale ambayo mlipaswa kuniuliza wakati tulipokuwa bado tunaonana kazini kila asubuhi.

Mmoja wenu aliuliza, sitaki kumnyima haki yake. Tulipokuwa tunaosha sahani za ile keki, Asifiwe alinivuta pembeni akaniita shangazi kwa Kifaransa, kama mnavyoniita nyote.

"Tantine, uniambie kweli. Kare, tunasawazisha mbele ya kuunga, ao tunaunga tu na tunanyoosha nyuma? Kila mutu pale anasema yake."

Nilimjibu kwamba, kama ni kabla au ni baadaye, nitamwandikia. Akacheka, akidhani ninamkwepa. Basi, Asifiwe, soma, na uwasomee wenzako. Ninaandika Kiswahili cha shule na kanisa kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika. Watu nitawaacha waseme kama walivyosema.

Nilianza kazi Butembo, nikiwa msichana mwenye vidole vigumu vya kupalilia maharagwe. Atelie, karakana ya kushonea, ilikuwa ya Mama Mwamini, nyuma ya nyumba yake, katika ua uleule ambamo mume wake aliegesha malori. Upande mmoja kulinuka mazutu, mafuta ya malori, upande mwingine kulinuka pasi ya makaa. Yeye alikuwa Mwislamu, wafanyakazi wengi tulikuwa Wakatoliki. Ijumaa adhuhuri mashine yake ilinyamaza, Jumapili zetu zilinyamaza, naye alisema Mungu ndiye aliyetupangia zamu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuita dereva kutoka ng'ambo ya bonde.

Kwa wale walioingia juzi tu na kukuta vitambaa vimeshakatwa tayari, nieleze kazi ilivyokuwa. Mafundi wa nguo wa sokoni walitupa mabaki ya vitenge, sisi tukayaokota. Tuliyafua, tukayapanga kwa rangi, tukaunga vipande vidogo mpaka vikawa mraba. Mraba huo ndio kare. Kare ziliungwa mstari kwa mstari, chini tukaweka kitambaa kizima, katikati blanketi kuukuu, kisha tukapitisha uzi juu ya vyote. Watu wa milimani walipenda mablanketi hayo, kwa sababu baridi ya Lubero haicheki na mtu.

Siku ya kwanza Mama Mwamini alinipa rundo la vipande na kunionyesha mashine ya kukanyaga. Hakunipa kipimo chochote. "Shona," alisema, akaenda zake kugombana na fundi wa matairi. Nilishona kwa bidii na kwa majivuno. Mwisho wa juma nilikuwa na kare za kutosha, nikaziunga, na nilipofika mstari wa mwisho nilianza kuvuta kitambaa huku na huku ili pembe zikutane. Zilikutana kwa nguvu, kama watu wanaopatanishwa na polisi.

Mama Mwamini alilitandika blanketi langu juu ya meza. Katikati lilifura, pembeni lilifanya mikunjo. Alichukua konzi ya maharagwe mabichi akayamwaga juu. Maharagwe yakabingirika yakajikusanya mabondeni.

"Kahindo," alisema, "umeshona Butembo na milima yake yote. Mutu atalala wapi?"

Atelie nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikalia.

"Hapana lia. Fungua."

"Nifungue wapi, Mama?"

"Pote."

Nilifumua mshono kwa mshono. Hiyo ndiyo shule yangu. Sijui kama leo kuna mtu anayeweza kumwambia msichana wa juma la kwanza neno hilo bila kuitwa mbele ya kamati.

Baada ya hapo ndipo alipofundisha. Alikuwa na ubao wa mraba, wa mti mgumu, aliotengenezewa na seremala, wenye tundu dogo katikati na mistari miwili iliyokutana kwenye tundu hilo kama msalaba. Alipoulizwa na masista kwa nini yeye Mwislamu ana msalaba kazini, alijibu kwamba hesabu haina dini. Kwanza unapiga pasi kare yako, na pasi unaibandika na kuiinua, huivuti, kwa sababu kitenge kilichokatwa mshazari kinarefuka kama donge la mandazi. Unaiacha ipoe. Kisha unatafuta katikati ya kare, unaweka tundu la ubao pale, unazunguka kwa macho pande zote nne. Kinachotokeza nje ya ubao unakata. Alirudia: "Hapana kula upande moya. Kila upande utoe kidogo." Na kare ikiwa imepungua upande mmoja, usiivute ifike. Ifumue, au iwekee blanketi la mtoto.

Halafu amri yake, ambayo aliisema kama wengine wanavyosema bismillahi: "Kare yenye haijasawazishwa, hapana unga."

Kwa hiyo, Asifiwe, wale wanaokwambia "tuunge tu, tutanyoosha nyuma" hawajawahi kumwagiwa maharagwe. Kosa la unene wa kijiti cha kiberiti kwenye kare moja hulioni. Kwenye mstari mzima linakuwa dole gumba. Ukifika mwisho wa blanketi unavuta na kusukuma, na kitambaa hakisahau kwamba kilivutwa. Utakifua mara moja na milima itarudi.

Kulikuwa na kazi ngumu. Dereva mmoja wa Kanyabayonga alitaka blanketi la kulalia ndani ya lori, nusu kitenge nusu velua, yaani mahameli, ili wenzake wamwonee wivu. Velua inateleza na kukua chini ya sindano. Tulisawazisha asubuhi, mchana kare za velua zilikuwa zimeshapinda tena. Mama Mwamini alikaa anazitazama kwa hasira kama watoto wasiosikia, mpaka alipofikiri kuibandika velua juu ya pamba kwanza ndipo tuipime. Ikatii. Dereva akalalamika kwamba blanketi ni zuri mno, mke wake ameliondoa ndani ya lori. Na kulikuwa na mama mkwe wa Luofu aliyerudisha blanketi la harusi mara tatu kwa sababu ya rangi, mpaka tukagundua kwamba hakuitaka harusi yenyewe.

Baadaye tulihamia Beni. Barabara ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha soko, malori ya mume wake yakapungua, na ndugu zake walikuwa na maduka huko. Mama Mwamini alipakia mashine, ubao na sisi tuliokubali kwenda. Macho yake yalianza kumwacha. Miaka yake ya mwisho alisawazisha kwa vidole, akipapasa ukingo wa ubao, na mikato yake ilikuwa bado inanyooka kuliko yangu. Alifariki asubuhi na akazikwa siku ileile, kwa desturi yao, sisi Wakatoliki tukiwa bado tunatafuta vitambaa vya kufunga kichwani. Sikupata wakati wa kumlilia vizuri. Kazi yake ndiyo iliyobaki, nami nikaishika kama kilio.

Atelie ikaenda kwa binti yake, Rehema. Mnamjua Rehema kama kiongozi wenu, mwenye ofisi na simu mbili. Mimi nilimjua kabla miguu yake haijafika kwenye kikanyagio cha mashine. Mama yake aliniambia, "Huyu umufundishe weye, mi nitamuhurumia." Sikumhurumia. Alipounga bila kupima, nilimfumulisha. Aliposema amechoka, nilimwambia amri ya mama yake, neno kwa neno. Akawa fundi mzuri. Mkono wake ulikata bila kutetemeka. Nilimpenda, na ninaliandika hapa ili mjue kwamba yanayofuata hayasemwi na adui.

Walikuja watu wa mradi. Jina lao silihitaji. Walitaka blanketi la kumbukumbu, lishonwe na akina mama wa Oicha waliopoteza watu wao katika mashambulizi ya waasi, kila mama kare moja, kwa nguo ya yule asiyerudi. Blanketi litundikwe kwenye ukumbi hapa Beni siku ya ukumbusho, mbele ya wageni. Rehema alikubali, nami nikatumwa Oicha kufundisha.

Tulikaa katika chumba cha parokia. Akina mama walileta nguo zao ndani ya mifuko ya sukari, ndani ya vikapu, mmoja ndani ya sufuria yenye mfuniko. Sikufundisha mengi. Wengi walijua kushona kuliko wageni walivyodhani, ila mikono iliwasimama. Unashika mkasi, unashika shati la mume wako, na mkono hausogei. Nilikaa nao. Mara nyingine tulimaliza siku bila mshono hata mmoja, tukala ndizi, tukaagana.

Mmoja wao alikuwa Mama Katungu, mkulima wa kakao, mwenye maneno machache. Alileta blauzi nyeupe ya shule ya binti yake, Masika, ambaye alifuatana na shangazi yake shambani na hakurudi. Blauzi ilikuwa na mfuko kifuani, na Masika alikuwa ameudarizi herufi yake ya kwanza kwa uzi wa buluu, kwa mkono wake mwenyewe, vibaya. Mama Katungu aliuweka ule mfuko ukingoni kabisa mwa kare.

"Mama Katungu," nilimwambia, "mufuko hapana weka pale pembeni. Mushono utaikula."

"Nataka ikae pembeni. Mudomo wake uangalie inje."

"Juu ya nini?" niliuliza sababu.

"Nipitishe mukono."

Alinionyesha. Vidole vyake viliingia mfukoni mpaka kwenye vifundo.

"Alikuwaka anaweka karanga mule," alisema. "Mwalimu anamugombeza kila siku, mais hakuachaka. Ata leo ukinusa, utasikia karanga."

Sikunusa. Nilimwambia, "Sawa, itakaa pale. Kazi ya kutafuta namna ni yangu."

Nilirudi Beni na kare zote, tukazitandaza sakafuni. Hakuna mbili zilizolingana. Moja ilikuwa pana kama mto wa kulalia, nyingine haikujaza kiganja, kwa sababu mwenyewe hakuwa amebakiwa na kitu kingine. Nyingine zilikuwa na pande tano. Rehema alizizunguka akiwa na ubao wa mama yake kwapani. Akauweka juu ya kare ya kwanza, akatazama.

"Tantine, hizi zote zitakatwa."

"Hizi hatukati."

"Haziwezi kuungwa hivi. Weye njo unajua kushinda batu bote."

Nilikuwa nimeshafikiri njiani. Nilimweleza: kila kare tuizungushie mkanda wa kitambaa kimoja, cheupe au cheusi, mpana wa kutosha. Ndogo ipate mkanda mpana, kubwa ipate mwembamba. Kare yenye mfuko, mkanda wake usishonwe upande ule, upite chini, ili mdomo ubaki wazi. Kisha ubao uwekwe juu ya mkanda, tukate mkanda. Blanketi linyooke, na nguo ya mtu isiguswe.

"Ile kazi ni ya juma ngapi?" aliuliza. "Na bulangeti itapita ukuta ya salle ya ukumbusho."

"Tushone mbili."

"Bageni banangojea moya."

"Rehema, hii si mabaki ya soko. Hizi ziko na benyewe."

Aliuinua ubao kutoka kwenye kare. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau, kwa sababu halikuwa neno baya.

"Tantine, mi pia ninawaza benyewe. Ikiwa inapinda-pinda pale mbele ya batu, batasema nini? Batasema: angalia bamama ba Oicha, ata kushona habajuwe. Mi nataka yabo ikae droit, inyooke. Ni heshima."

Aliamini hivyo. Angekuwa mvivu au mwongo, ningelala vizuri zaidi. Nilimwomba anipe nafasi nishone mikanda, asiguse kare yoyote mpaka nimalize. "Sawa, Tantine," alisema. Nikaanza siku hiyohiyo. Nilianza na zile ndogo.

Nilikuwa sijafika kwenye kare ya Mama Katungu habari ilipokuja kutoka Butembo kwamba ndugu yangu Paluku amefariki. Nilikwenda kuzika. Baada ya kuzika barabara ikafungwa, magari yakangoja msafara wa askari, na sisi tukangoja pamoja nayo. Nilimpigia Rehema simu nikamkumbusha mikanda.

"Tantine, uko kwa kilio," alinijibu kwa upole. "Hapana waza kazi."

Nilidhani ananifariji. Nilimshukuru hata, simu ikakatika.

Niliingia Beni siku yenyewe ya ukumbusho. Kutoka garini nilikwenda moja kwa moja ukumbini, kitambaa cha msiba bado kichwani. Blanketi lilikuwa limetundikwa ukutani, na kwanza, kabla ya moyo, jicho langu la fundi lilifurahi. Mistari ilinyooka. Pembe zilikutana. Hata maharagwe ya Mama Mwamini yasingepata pa kukimbilia. Kisha nikaona kwamba kare zote zinalingana, zile ndogo zimebandikwa juu ya kitambaa kipya, na hakuna mkanda hata mmoja. Hata mikanda niliyokuwa nimeshashona ilikuwa imefumuliwa.

Akina mama waliletwa kutoka Oicha kwa lori, wamevaa kitenge cha aina moja walichogawiwa. Waliingia wakasimama. Hotuba zilikuwa hazijaanza. Mmoja mmoja wakasogea ukutani kutafuta vyao. Wengine waliona, wakagusa, wakarudi nyuma wakifuta macho, na sijui machozi yale yalikuwa ya nini. Mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kola ya mume wake iko wapi. Mwenzake akamwambia labda imekunjwa ndani.

Mama Katungu aliipata yake chini, upande wa kulia. Alipiga magoti. Akapeleka vidole mahali ulipokuwa mdomo wa mfuko. Nusu ya mfuko ilikuwa imekatwa, na nusu iliyobaki ilikuwa imeshonwa pamoja na kare ya jirani. Herufi ya buluu ilibaki kipande tu, huwezi kuisoma. Vidole vyake vilipita juu ya mshono kwenda na kurudi, polepole. Kisha akageuka akaniona.

"Mulifunga," alisema.

Alisimama akajipangusa magoti.

"Ile mulikata, iko wapi?"

Nilimfuata Rehema. Alikuwa amesimama karibu na wageni, amevaa vizuri, ushungi wake mpya.

"Tantine! Umefika. Ngojea kidogo, tunaanza."

"Bipande byenye mulikata, biko wapi?"

"Tantine, nyuma ya hotuba. Tafazali."

"Biko wapi, Rehema?"

Alitazama chini. "Kwa pasi."

Mnajua maana yake, kwa kuwa bado mnafanya hivyo. Mabaki ya mabaki, yale yasiyofaa hata kujazia mto, tunayawashia makaa ya pasi. Mama Mwamini alifanya hivyo, mimi nilifanya hivyo, ni desturi ya atelie. Kipande cha blauzi ya Masika kiliwasha moto uliopiga pasi blanketi lile lile. Niligeuka kutafuta namna ya kumwambia Mama Katungu, nikamkuta yuko nyuma yangu. Alikuwa amesikia.

Mgeni mmoja akaita watu kwa picha. Akina mama walipangwa mbele ya blanketi, wafupi mbele, warefu nyuma. Mama Katungu alisimama pale alipoambiwa kusimama. Wageni walisema hawajaona kazi safi namna ile, na mmoja alipitisha ukucha juu ya mshono akasifu jinsi ulivyonyooka. Baada ya siku chache walilichukua blanketi kwenda kulionyesha kwingine. Halikurudi. Hakuna aliyeuliza kwa bidii.

Niligombana na Rehema kesho yake, mlango wa ofisi ukiwa umefungwa. Aliniacha niseme yote. Kisha akasema:

"Weye njo ulinifundisha. Kare yenye haijasawazishwa, hapana unga. Ulinifumulisha mpaka vidole bilitoka damu juu ya ile neno. Sasa leo nimeifuata, nimekosa?"

"Nilikufundisha juu ya vitambaa vya kuokota," nilimwambia. "Vitambaa bila mwenyewe."

"Haukusemaka vile."

Kweli sikuwahi kusema. Wala mama yake. Katika miaka yote ya Butembo hakuna kare iliyoingia mle ndani ikiwa na mtu nyuma yake. Mabaki tuliyoyaokota chini ya meza za mafundi hayakuwa na wa kuyalilia, na amri ikakaa midomoni mwetu bila kuhitaji mlango wa kutokea. Rehema alinitazama akingoja niseme kitu kingine. Nilifungua mlango nikarudi kwenye mashine yangu.

Nilibaki kazini mpaka mwaka huu. Mlituona tukisalimiana. Aliniletea chai, nilikunywa. Nilipougua alinitafutia dawa. Lakini neno "pole" juu ya siku ile hakulisema, na mimi sikuliomba, na wawili waliofundishwa na mwanamke mmoja tulikaa chumba kimoja kama wapangaji. Wengine mlidhani ni dini. Mlidhani hivyo kwa sababu ni rahisi.

Basi, Asifiwe, jibu lako. Sawazisha. Sawazisha kila kare kabla ya kuunga, baada ya pasi, ikiwa imepoa, kuanzia katikati. Anayekwambia vingine mwagie maharagwe. Lakini kabla hujaweka ubao, uliza kitambaa hiki ni cha nani. Kama kina mwenyewe, ongeza mkanda, kata mkanda. Na ukiambiwa hakuna muda, mwambie aliyekuambia aje aseme hivyo mbele ya mwenyewe.

Ningeishia hapo. Lakini mwezi uliopita nilikwenda Oicha.

Sikwenda kuomba msamaha, maana sikukata mimi. Nilikwenda kwa sababu sasa nina siku ambazo hakuna anayeningojea. Nilimkuta Mama Katungu nyumbani kwake, anaanika kakao juu ya turubali, akiigeuza kwa mikono.

"Wavukire, Mama Katungu."

Aliitikia salamu ya kwetu. Hakushangaa, hakufurahi. Alinipa kigoda na akaendelea kugeuza kakao, nami nikamsaidia upande wangu. Tulisema habari za mvua na habari za wanunuzi. Blanketi hatukulitaja. Baadaye aliingia ndani, akatoka na kitu amekifunga ndani ya leso. Ulikuwa mkono wa blauzi, mweupe, umekatwa begani.

"Hii sikubapatia," alisema.

"Ulifanya vizuri."

"Inatoka nyuzi. Kila saa nikiishika, inapunguka. Unaweza kuipinda pembeni, kwa sindano ya mukono?"

"Naweza."

"Bila kukata kitu."

"Bila kukata."

Alinitazama. "Mukasi, uko nayo?"

Ulikuwa ndani ya mkoba wangu, kama siku zote. Nilimwonyesha.

"Uiache inje."

Nilitoa sindano na uzi, nikauacha mkoba kwenye jiwe kando ya kakao, tukaingia ndani. Nilinyoosha mkono kupokea kile kitambaa. Hakunipa. Alikaa kitini, akakitandaza juu ya mapaja yake, akakishika huku na huku kwa mikono miwili, na mimi nikapiga magoti mbele yake nikaanza kushona hapohapo. Nilikunja ukingo kidogo kadiri uzi ulivyokubali. Palipopinda nilipinda napo. Palipochanika nilipita juu yake, sikupanyoosha. Alifuata kila mchomo wa sindano kwa macho na hakupepesa, na kila nilipohama upande aligeuza kitambaa yeye mwenyewe, bila kukiachilia.

Nilipofika mwisho nilifunga fundo. Vidole vyangu, kwa mazoea, vikaanza kupapasa sakafuni vikitafuta mkasi. Mikono yake ikakaza.

Niliinama mpaka magotini kwake, nikaukata uzi kwa meno.